Msaada wa Serikali kwa Mkulima Aliyepatwa na Janga: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Nilikuwa bwana shamba miaka mingi, nikastaafu, nikarudi nyumbani Mikindani, Mombasa. Lakini kila mvua ya masika ikikosa kunyesha, au ikinyesha ikapita kiasi, watu hunijia barazani na maswali yale yale. Wengi wao wanalala Mombasa ila wana kishamba Kaloleni, Ganze, Kinango au Lunga Lunga. Nimeyaandika majibu hapa ili ayasome na yule asiyeweza kunijia. Maswali nimeyaacha kama yanavyoulizwa.

Mahindi yangu yote yamekauka. Serikali itanilipa lini?

Nianze na jibu lisilopendeza. Hakuna sheria ya Kenya inayosema kwamba mkulima ambaye mimea yake imekauka au imesombwa na maji lazima alipwe thamani ya alichopoteza. Watu huchanganya fidia na msaada. Fidia ni deni: aliyekuharibia analazimishwa na sheria akulipe, na akikataa unakwenda mahakamani na hesabu yako mkononi. Msaada ni kitu kingine. Serikali inaona watu wako taabani, inatoa ilichonacho, kwa inaowachagua, kwa vigezo vyake. Magunia ishirini uliyopoteza hayageuki kuwa bei ya magunia ishirini. Yanaweza kugeuka kilo chache za mbegu, au shilingi elfu kadhaa, au mgao wa mahindi na maharagwe, au jina lako kwenye daftari na kimya kirefu.

Hiyo haina maana kwamba huna haki yoyote. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa. Kifungu cha 47 kinakupa haki ya kushughulikiwa na maofisa kwa utaratibu wa haki, na kupewa sababu kwa maandishi pale uamuzi wao unapokuumiza. Kwa hivyo bei ya mahindi huwezi kuidai, lakini unaweza kudai kuambiwa kwa nini jirani yako ameandikwa nawe ukarukwa. Ukishika tofauti hiyo, hutapoteza nauli kwenda ofisi isiyokuhusu.

Pesa zenyewe hutoka mfuko gani?

Mifuko ni zaidi ya mmoja, na ndiyo maana kila ofisi hukuelekeza kwa mwenzake. Katiba imeweka shughuli za majanga kwa serikali zote mbili, ya kitaifa na ya kaunti. Serikali kuu ina mfuko wa dharura uliotajwa katika kifungu cha 208 cha Katiba. Kwa ukame kuna Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame, ile ambayo watu wote wanaiita NDMA, iliyopewa sheria yake mwaka 2016.

Kaunti nayo inaruhusiwa kuwa na mfuko wake wa dharura chini ya sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya 2012. Hapo kuna mambo mawili ya kujua. Kwanza, mfuko huo hauwezi kuzidi asilimia 2 ya mapato yote ya kaunti ya mwaka uliotangulia. Ukishasikia hivyo, ile ahadi ya mwanasiasa kwamba kila mkulima wa kaunti atalipwa unaipima mwenyewe. Pili, fedha zake ni za jambo la ghafla ambalo halikuweza kutarajiwa. Mafuriko ya usiku mmoja yanaingia hapo bila ubishi. Ukame unakuja kwa miguu, miezi mitatu minne kila mtu anauona, na afisa wa fedha anaweza kukwambia kwamba ulipaswa kuwa kwenye bajeti ya kawaida. Nimewahi kukaa kwenye mkutano ambapo hoja hiyo ilibishaniwa toka asubuhi mpaka adhuhuri, na nje watu wamekaa chini ya mwembe wanangoja.

Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya si serikali, ingawa liliundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1965 na hufanya kazi bega kwa bega nayo. Linapotoa pesa au mbegu, orodha huwa ni yake. Usiende kulalamika kwa chifu kuhusu orodha ya Msalaba Mwekundu kana kwamba yeye ndiye mwenye hela.

Ninaishi Kongowea, shamba liko Bamba. Niandikishwe wapi?

Kule shamba liliko. Hapa ndipo watu wa Mombasa wanapoangukia zaidi. NDMA hufuatilia kaunti 23 za nyanda kame. Kwa kaunti sita za Pwani, tano zimo: Kilifi, Kwale, Tana River, Lamu na Taita Taveta. Iliyobaki nje ni Mombasa peke yake. Kwa hivyo ukijitambulisha kama mkazi wa Kongowea, kwa upande wa ukame wewe huonekani, hata kama ekari zako tatu za Bamba, kule Kilifi, zimekuwa vumbi.

Pana kizingiti kingine. Misaada mingi huhesabu kaya, si shamba. Mzee wa kijiji atauliza: nyumba hii inalala nani? Ikiwa mama yako ndiye anayeishi pale na wewe huenda wikendi, jina linalofaa kuandikwa ni la mama, kwa kitambulisho chake na laini yake. Nimeona vijana wakijaza majina yao kwa sababu wao ndio wanaonunua mbegu na kulipa vibarua. Siku ya uhakiki hawakuwepo, kaya ikafutwa, na mama akakosa. Wala usiandikishe mtu yule yule sehemu mbili ukidhani unaongeza bahati. Nambari ya kitambulisho ni moja, na mtambo ukiiona mara mbili unaweza kuziondoa zote.

Mimi nalima hapa hapa Mombasa, Mwakirunge. Je, mimi si mkulima?

Ni mkulima, na hauko peke yako. Kuna wa Mwakirunge, kuna wa Shika Adabu, kuna wa Jomvu. Ila mlango wako ni idara ya kilimo ya kaunti ya Mombasa na mfuko wa dharura wa kaunti hiyo, na aghalabu janga litakalokufikisha hapo ni mafuriko. Nenda kwa bwana shamba wa wadi yako. Najua ni wachache. Mtafute.

Kuna daftari ngapi? Kila mwaka tunaandikwa upya.

Hili ningependa kila mtu alisome mara mbili.

Kuna daftari zisizosalimiana. Moja ni ya chifu na naibu wake. Hawa ni watu wa serikali kuu, gavana hana amri juu yao. Kuanzia 2022 na 2023, machifu na wasaidizi wao ndio walioandikisha wakulima kwa ajili ya mbolea ya ruzuku, ile iliyoshuka hadi shilingi 3,500 kwa mfuko wa kilo 50, kisha 2,500. Majina yaliingizwa kwenye mtambo wa taifa wa taarifa za kilimo, na ndiyo maana ujumbe wa mbolea ulikuja kwenye simu. Ya pili iko kwa bwana shamba, ambaye tangu ugatuzi wa 2013 ni mfanyakazi wa kaunti. Mbegu za kaunti hupita kwake. Ya tatu ni ya kaya maskini, zinazoandikwa kwa programu za kulinda jamii kama Inua Jamii, ambayo huwalipa wazee wa miaka 70 na zaidi, yatima na watu wenye ulemavu mkubwa. Hiyo haihusiani na kilimo hata kidogo, ila janga likija mara nyingi ndiyo huangaliwa kwanza, kwa sababu iko tayari.

Janga likishatokea, hakuna anayepata muda wa kuandika watu upya vizuri. Huchukuliwa daftari lililopo. Kwa hivyo wakati wa kuandikwa ni sasa, mvua ikiwa nzuri na chifu akiwa na nafasi. Mtu akiniambia "nitakwenda njaa ikiingia" huwa namjibu kwamba siku hiyo foleni itakuwa imefika barabarani.

Utakachohitaji ni kitambulisho cha taifa, nambari ya simu iliyosajiliwa kwa jina lako mwenyewe, mahali shamba lilipo mpaka kijiji, ukubwa wake, na unacholima au kufuga. Kuandikwa hakulipiwi.

Sina hatimiliki. Tunaitwa maskwota. Nitaandikwa?

Utaandikwa. Wanaotambua kwamba unalima pale ni mzee wa kijiji na chifu, si ofisi ya ardhi. Wangedai hati, nusu ya Pwani ingebaki nje. Kuwa mwangalifu na kitu kimoja tu: usiseme shamba ni lako ikiwa umekodi au umepewa msimu mmoja. Sema unalima kwa nani. Mwenye ardhi akija kudai naye, uongo wako ndio utakaowakosesha nyote.

Nitathibitishaje hasara yangu?

Nikiwa kazini nilikuwa naitwa kukagua, nafika nakuta shamba limeshalimwa upya, jeusi, safi. Mwenyewe ananionyesha kwa kidole: "Bwana shamba, hapa palikuwa na ekari mbili za mahindi." Sasa mimi niandike nini? Namwamini, lakini fomu haina nafasi ya kuamini.

Kwa hivyo, kabla ya kugusa kitu, piga picha. Si picha moja ya jani lililokauka. Jani lililokauka linaweza kutoka popote. Piga ya mbali, ionyeshe shamba pamoja na kitu kisichohama: mbuyu, nyumba ya jirani, mnara wa simu. Kisha sogea, piga ya karibu ionyeshe mimea ilifika wapi, kama ilikuwa imebeba au bado. Simu nyingi huhifadhi tarehe zenyewe. Usizipitishe kwenye WhatsApp ukafuta za mwanzo. Kama una risiti ya mbegu au mbolea, ipige picha pia, maana karatasi za dukani hufutika wino kabla ya miezi mitatu.

Halafu pima. Ekari ni takriban mita 64 kwa 64, yaani mita za mraba 4,047. Watu wetu hupenda kusema ekari tano kwa kila kitu. Nimepima "ekari tano" nyingi nikapata moja na robo. Ukizidisha, afisa akija na kifaa chake cha kupimia hatakupunguzia tu hicho ulichozidisha. Ataanza kutilia shaka kila ulichosema, pamoja na kilicho kweli.

Mpigie bwana shamba au naibu chifu ndani ya siku chache, na andika mahali siku uliyompigia. Akichelewa na mvua mpya imeingia, usikose msimu kwa kumngoja. Lima, lakini bakiza kipande cha hatua kumi kwa kumi katikati ya shamba kama kilivyo. Pembeni hapafai, kwa sababu pembeni ndipo mbuzi hupita.

Kwa mifugo, mzoga upigwe picha kabla ya kuzikwa na daktari wa mifugo ajulishwe. Mnyama akifa ghafla akatokwa na damu puani au nyuma, usimpasue wala usiigawe nyama, huenda ni kimeta. Hapo hasara ya ng'ombe ndiyo ndogo.

Wanasema ukame haujafika kiwango. Kiwango kinapimwa na nani?

NDMA hutoa taarifa kila mwezi kwa kila kaunti inazofuatilia, na huiweka kaunti kwenye ngazi: kawaida, tahadhari, hatari, dharura, na kupata nafuu. Wanaangalia mambo mengi, kama bei ya mbuzi sokoni, umbali wa kwenda kuteka maji, na afya ya watoto. Kipimo kinachotajwa sana ni cha uoto, kinachosomwa na satelaiti. Ukijani wa sasa hulinganishwa na wa miaka iliyopita mahali hapo hapo, kisha hupewa namba. Chini ya 10 ni ukame uliokithiri, 10 hadi 20 ni ukame mkali, 20 hadi 35 ni wa wastani.

Tatizo ambalo mkulima wa Pwani hulijua bila kusoma popote ni kwamba satelaiti haichagui mmea. Kichaka kikichipua baada ya mvua mbili, kutoka juu ni kijani. Mahindi yaliyokosa maji wiki mbili zile yalipokuwa yanatoa maua hayazai tena, hata kama majani yake yatabaki mabichi. Wewe unaona njaa, picha inaona kijani. Ndiyo maana nasisitiza sana picha zako na ripoti ya bwana shamba. Ndizo sauti za shamba lako kutoka chini.

Kwa nini Turkana wanalipwa pesa za njaa kila mara na Ganze hapana?

Swali hili huulizwa kwa hasira, na si hasira ya bure. Programu inayozungumzwa hujulikana kama HSNP, yaani Hunger Safety Net Programme, ya kuzikinga kaya maskini na njaa. Ilianzia kaunti nne za kaskazini: Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera. Kaya zilizochaguliwa hulipwa mfululizo, mvua iwepo isiwepo, na kwa miaka mingi kiwango kilikuwa shilingi 2,700 kwa mwezi, zikilipwa kila baada ya miezi miwili. Jambo la maana zaidi ni kwamba kule waliandikisha karibu kila kaya na kuifungulia akaunti kabla ya janga. Kipimo cha uoto kikishuka sana, wale ambao hawalipwi siku zote nao huongezwa kwa muda. Baadaye programu ikapanuliwa, na Pwani ikaingia Tana River.

Kilifi na Kwale hazikuwa kwenye orodha hiyo, ingawa Ganze na Kinango zilikauka sawasawa katika ule ukame wa misimu mitano mfululizo, kuanzia vuli ya 2020 hadi vuli ya 2022. Rais Uhuru Kenyatta aliutangaza kuwa janga la kitaifa tarehe 8 Septemba 2021. Kutangazwa kulifungua milango ya chakula na ya serikali kununua mifugo kabla haijafa. Hakukumfanya kila mkulima wa kaunti zilizoathirika kuwa mlipwaji, na hapo ndipo wengi waliposubiri kitu ambacho hakikuahidiwa.

Mimi naona huo mtindo wa kaskazini, wa kuandika watu wote kwanza, ndio ungetufaa Pwani. Lakini hayo ni maoni ya mzee mstaafu.

Nilisikia kila aliyepatwa na mafuriko atapewa shilingi elfu kumi.

Ahadi ile ilitolewa na Rais William Ruto Mei 2024 akiwa Mathare, Nairobi, kwa ajili ya familia zilizotakiwa kuhama kingo za mto, ili zipate pa kupanga. Haikuwa malipo ya mazao. Ikiwa mpunga wako wa Vanga ulisombwa na Mto Umba, au migomba yako ya Magarini ikazama Sabaki ulipojaa, fuata bwana shamba na kaunti.

Ndovu wameingia shambani Kwale. Hilo nalo ni janga?

Kwako ndiyo, kwa sheria ni jambo tofauti, na kwa bahati hili ni fidia ya kweli. Sheria ya wanyamapori ya 2013 inatambua mazao na mifugo iliyoharibiwa, na mtu aliyejeruhiwa au kuuawa. Kwa kifo, sheria hiyo ilipotungwa iliweka shilingi milioni 5. Piga ripoti kwa shirika la wanyamapori, KWS, mara moja, ujaziwe fomu yao, na bwana shamba aandike tathmini. Madai hupelekwa kwenye kamati ya kaunti. Kuna orodha ya wanyama wanaofidiwa, basi uliza kwanza kama huyo wako yumo. Halafu jiandae kungoja; madai ya watu yamelala miaka. Tunza nakala yenye muhuri, usiwape ya pekee uliyonayo.

Bima ya mazao ni ya nani? Nayo ni ya serikali?

Kiasi. Mwaka 2016 serikali ilianza kulipia nusu ya ada ya bima ya mahindi, ikianzia Bungoma, Embu na Nakuru. Ile ya mifugo ilianza mwaka mmoja kabla, Turkana na Wajir, ambako serikali ililipia kaya zilizochaguliwa ada yote ya hadi ng'ombe watano, au mbuzi wa thamani hiyo. Kabla ya kununua bima yoyote, iwe ya kampuni au ya chama, uliza inalipa kwa kuangalia nini. Bima hizi hazimtumi mtu kwako kuhesabu mabua. Ile ya mazao huangalia wastani wa mavuno wa eneo zima, ile ya mifugo huangalia malisho kwa satelaiti. Shamba lako likiangamia peke yake, eneo likiwa zima, hulipwi. Likinusurika na eneo likaanguka, unalipwa. Wengi huona hapo wametapeliwa. Hawajatapeliwa, ila hawakuelezwa.

Kwa nini tunapewa mbegu wakati tunahitaji pesa?

Kwa sababu mbegu hukaguliwa kirahisi: mifuko kadhaa iliingia, mifuko kadhaa ikatoka, saini hii hapa. Pia mtu mwenye njaa akipewa pesa hununua unga, na ni haki yake, lakini msimu unaofuata shamba liko tupu. Ubaya wa mbegu ni kuchelewa. Mahindi yakija wiki ya tatu ya Mei kwa masika yaliyoanza mwishoni mwa Machi, hayo ni chakula cha kuku. Yakikufika kwa kuchelewa usiyapande kwa tamaa. Panda kunde au pojo, ambazo hukomaa upesi, na mahindi yaweke mahali pakavu mpaka vuli, ukiangalia tarehe iliyoandikwa kwenye mfuko. Usiyasage: mbegu imepakwa dawa, ni sumu.

Pesa hutumwa vipi? Laini ninayotumia ni ya mtoto wangu.

Inategemea programu: nyingine benki, nyingine simu. Ikiwa ni simu, jina la laini lifanane na la kitambulisho kilichoandikwa daftarini, herufi kwa herufi. "Mohamed" na "Muhammad" ni watu wawili mbele ya mtambo. Nenda kasajili laini kwa jina lako, ni kazi ya dakika chache, kisha mjulishe aliyekuandika. Laini ikikaa muda mrefu bila kutumika hufungwa na kupewa mtu mwingine, kwa hivyo itumie hata kwa kununua kredo ya shilingi kumi.

Wanandoa wajue kwamba kaya huandikwa kwa jina moja. Baba akiwa baharini au Nairobi miezi minane kwa mwaka, nashauri jina liwe la mama. Nimegombana na wanaume kadhaa juu ya hili, na sijabadili neno.

Nimepata ujumbe: "Umechaguliwa kupokea msaada wa ukame, tuma 350 ya usajili."

Futa. Hakuna msaada wa serikali unaotanguliza wewe kutoa pesa. Mwingine atakupigia kabisa, anajua jina lako na la kijiji, kwa sababu orodha hubandikwa ukutani na yeyote huweza kuipiga picha. Atasema pesa zimekwama, umtajie namba ya siri au tarakimu zilizotumwa kwenye simu yako. Kata. Kama ni chifu kweli, mna njia ya kukutana barazani. Mama mmoja wa hapa mtaani alitumiwa ujumbe wa pesa kuingia, kisha akaombwa "azirudishe kwa sababu zimekosea". Hakuna kilichokuwa kimeingia, ujumbe uliandikwa na tapeli kwa nambari ya kawaida. Angalia salio lako kwanza, kila mara.

Aliyetuandika anataka "chai" ndipo majina yaende mbele.

Usitoe. Andika tarehe, mahali, kiasi alichotaka na aliyekuwepo. Tume ya maadili na kupambana na ufisadi, EACC, ina ofisi Mombasa na hupokea taarifa bila kutaja jina lako. Mnapokuwa wengi mlioombwa, nendeni pamoja. Mtu mmoja huambiwa ana chuki binafsi.

Jina langu halikutoka. Nianzie wapi?

Anzia chini, na ufanye upesi, kwa sababu orodha ya awali husomwa barazani ili watu wapinge hapo hapo. Baraza hilo usilikose. Ukiona jina la marehemu, au la mwenye duka la jumla, sema mbele za watu kwa adabu na kwa jina. Huko ndiko orodha hurekebishika kwa urahisi. Ikishasainiwa ni kama kuurudisha mtumbwi na kusi imeshachacha.

Baraza likipita, andika barua fupi kwa chifu, nakala kwa naibu kamishna wa kaunti, au kwa afisa wa kilimo wa kaunti ndogo kama msaada ni wa kaunti. Omba mambo mawili tu: vigezo vilivyotumika na sababu ya wewe kuachwa. Peleka nakala mbili, yako igongwe muhuri. Sheria ya kupata habari ya 2016 inampa afisa siku 21 kujibu. Asipojibu, Tume ya Haki ya Utawala, ile ya mchunguzi wa malalamishi ya umma, ndiyo inayosimamia sheria hiyo, na huduma yake ni bure. Watu hudharau njia hii wakidhani ni ya wasomi. Barua ya mistari sita yenye muhuri imewahi kufanya orodha nzima ya kijiji isomwe upya mbele yangu, na walioongezwa walikuwa kumi na wanne.

Hustler Fund nayo ni msaada?

Ni mkopo wa serikali. Utalipa, kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka. Usikope pesa za kula ukitegemea mavuno ambayo hujayaona.

Baba aliandikwa, akafariki kabla ya malipo. Je, tumepoteza?

Si lazima. Mpeni habari chifu mapema, na mpate cheti cha kifo. Kama msaada ni wa kaya, mara nyingi hubadilishwa jina kuwa la mjane au mtoto mkubwa anayeishi pale, kwa barua ya chifu. Kama pesa zilikwisha kuingia kwenye akaunti yake, hizo ni mali ya marehemu na zinafuata mirathi, kwa Kadhi au mahakama nyingine kulingana na dini ya familia. Msifanye lile ambalo wengi hufanya, la kukaa na simu ya marehemu na namba yake ya siri mkitoa kidogo kidogo. Siku uhakiki ukija na mzee akatakiwa aonekane uso, kaya yote hufutwa, na aliyetoa pesa ndiye anayeulizwa.

Naweza kukuletea barua uniandikie?

Njoo baada ya alasiri, na kitambulisho chako. Picha za shamba ziwe kwenye simu, na simu iwe na chaji.